Nyumba yako ya The Sims 4 haipendezi? Anza na dalili, usikimbilie rangi

Mjomba wangu ni fundi mwashi, amezeeka na mwiko mkononi akijenga nyumba za Igoma na Buhongwa hapa Mwanza. Siku moja alipita kwetu Nyegezi mchana akanikuta nimeinamia laptopu. Nilikuwa nimemaliza jumba la ghorofa moja kwenye The Sims 4, gemu ya kujenga nyumba na kuendesha maisha ya watu wadogo wanaoitwa Sim; siku tatu za likizo zimeishia humo, na sikuipenda hata kidogo. Kuta nilikuwa nimezibadili rangi mara nne, makochi sijui mara ngapi. Nikamgeuzia kioo: "Shikamoo mjomba. Hebu niambie, hii nyumba ina nini?"

Akavaa miwani, akatazama kimya mpaka chai ikaanza kupoa. "Marahaba. Hii nyumba haina lenta. Halafu paa limeimeza. Rangi umeionea bure."

Nimesaidia wadogo zangu na rafiki zao wengi tangu siku hiyo, na karibu kila mara kisa ni kilekile. Ubaya unaonekana kwenye mapambo, ila umezaliwa kwenye ukubwa, umbo na paa. Kwa hiyo nimezipanga dalili kuanzia chini kwenda juu, kama unavyojenga. Ukiona dalili yako iko mbali huko mwishoni, bado nakushauri upitie za mwanzo. Naongelea gemu ya msingi ya kompyuta, ambayo tangu Oktoba 2022 ni ya bure, kwa hiyo huhitaji kununua nyongeza yoyote kufuata ninayosema.

Nyumba inafanana na ghala la pamba

Ukisimama barabarani unaona ukuta mmoja mrefu, mlango katikati, madirisha mawili huku na mawili kule. Umeongeza maua, bado ghala. Umeweka nguzo, sasa ni ghala lenye nguzo.

Chanzo ni kiwanja. Wengi tunachagua kile cha miraba 64 kwa 64 (miraba ya gridi ya gemu) kwa sababu ndicho kikubwa kuliko vyote, halafu tunavuta mstatili mmoja wa miraba 20 kwa 14 na kuanza kuugawa vyumba kwa ndani. Ukishaanza hivyo umekwisha, maana vyumba vinalazimika kujaza boksi badala ya boksi kufuata vyumba.

Fanya kinyume. Chukua kiwanja cha 30 kwa 20, ambacho familia ya watu wanne wanakaa bila kubanana. Jenga chumba kimoja kimoja na uvigandishe. Bafu lenye choo ndani, 3 kwa 3 inatosha kabisa. Chumba chenye kitanda cha watu wawili, 4 kwa 4 au 4 kwa 5. Jiko 4 kwa 4. Sebule 5 kwa 6, na hapo nimekuwa mkarimu. Ukimaliza kuvipanga, sogeza sebule mbele miraba miwili na urudishe jiko nyuma. Nasema miwili kwa sababu mmoja ukiutazama kwa mbali unaonekana kama fundi alikosea kupima. Kuta za mbele zikishakuwa kwenye vina vitatu tofauti, jua la gemu linaanza kukuchorea vivuli bure, na nusu ya kazi imeisha kabla hujanunua hata kiti.

Halafu kibaraza. Sielewi mtu wa Mwanza anajengaje nyumba bila kibaraza, hata ya kwenye kompyuta. Jioni Sim wako atakaa wapi? Kina chake kisipungue miraba miwili: mmoja wa kiti, mmoja wa kupita.

Paa ni kubwa kuliko nyumba

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Mtu anaona paa limekaa kama kofia kubwa kichwani mwa mtoto, anabadilisha rangi ya bati. Au analilaza paa mpaka linakuwa kama karatasi iliyolowa.

Sababu ni hesabu ya darasani. Kwa mteremko uleule, urefu wa paa unategemea upana wa kile linachofunika. Kwa mteremko wa nyuzi 45, nyumba yenye kina cha miraba 14 itapata paa linalopanda miraba 7. Nyumba yenye kina cha 6 itapata paa la 3. Boksi kubwa lazima lizae paa kubwa, kwa hiyo ukiwa umeliacha boksi kwenye hatua ya kwanza, hapa ndipo linakudai riba.

Kama umbo limeshakatwa, fanya hivi. Funika kwanza sehemu kubwa kuliko zote kwa paa lake. Kisha kila sehemu inayochomoza ipewe paa lake dogo, kilele chake kikiwa chini ya kilele cha paa kubwa, na mgongo wake uingie ndani ya paa kubwa mpaka upotelee humo. Mapaa yanaruhusiwa kuingiliana kwenye gemu hii, kwa hiyo usiogope. Kibaraza kipe paa la mteremko mmoja, la chini kabisa. Mteremko wa mapaa yote uwe mmoja au ukaribiane. Paa moja limesimama wima na jirani yake limelala, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

Kisha shughulikia ukingo. Bonyeza paa, vuta vishikio vya pembeni; ukishika Shift unaweza kuvuta upande mmoja bila kugusa mingine. Paa lililokatwa sawa na ukuta linaonekana kama nyumba iliyonyolewa. Likitoka nje kidogo, kivuli kinashuka ukutani na nyumba inapata uso. Usisahau pia ile bodi ya ukingoni, ambayo gemu inakuruhusu kuibadilisha peke yake. Nyeupe juu ya bati la kijivu au la maruni haijawahi kuniangusha.

Na paa la kuficha je? Najua, siku hizi kila anayejenga Buswelu anataka paa la kuficha. Kwenye gemu ni rahisi: sakafu juu, ukuta nusu kuzunguka, basi. Lakini paa la kuficha halifichi umbo baya, linaliacha uchi. Paa la kawaida linaweza kusamehe mstatili wako, hili haliwezi. Likikupendeza, hakikisha sehemu moja ya nyumba ina kuta ndefu kuliko nyingine, au ghorofa imerudi nyuma.

Madirisha yanaelea

Hapa ndipo mjomba aliposema habari ya lenta. Kwenye ujenzi wa kweli, lenta ni ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kwa hiyo vichwa vyao vyote viko mstari mmoja. Hatuuoni baada ya lipu, ila macho yetu yamezoea mstari ule tangu utotoni. Kwenye gemu hakuna zege wala lenta, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuweka dirisha moja limefika juu na jirani yake limekaa kiunoni.

Kuta za gemu zina urefu wa aina tatu, na madirisha na milango mingi imetengenezwa kwa ajili ya urefu fulani. Kosa la kawaida ni kuinua kuta ziwe ndefu kabisa, kwa sababu zinaonekana za kitajiri, halafu kubandika madirisha ya kuta fupi. Linabaki pengo kubwa la ukuta mtupu juu, na nyumba inakuwa na paji la uso pana kuliko uso. Rudisha kuta ziwe fupi au za kati. Kwenye orodha ya madirisha kuna kichujio cha urefu wa ukuta, kitumie. Chagua mlango na madirisha ya familia moja, halafu kagua vichwa vyao kwa kushusha kamera mpaka usawa wa mtu aliyesimama.

Idadi nayo ina mambo yake. Mimi napenda madirisha mawili yaliyokaa pamoja, kisha ukuta mtupu, kisha moja. Dirisha kila baada ya miraba miwili, kuzunguka nyumba nzima, ni bweni la shule.

Sebule kama ya msibani

Makochi yote yamebandikwa ukutani pande nne, katikati uwanja mtupu. Tunajua tulikoitoa hii. Nyumbani kwetu sebule inapangwa hivyo ili wageni ishirini wapate pa kukaa, na vitambaa vya mama vionekane vyote. Sina ugomvi nayo. Ila Sim wako hapokei wageni ishirini, na kwenye kioo sebule hiyo inaonekana imehamwa.

Kwanza ipunguze sebule yenyewe. Kisha vuta kochi mbali na ukuta mraba mmoja, weka zulia ambalo miguu ya mbele ya makochi yote inalikanyaga, meza ndogo katikati, na kila kitu kitazame kitu kimoja: runinga, dirisha au meko. Kona iliyobaki wazi weka mmea mrefu. Ukishikilia Alt wakati wa kusogeza au kuzungusha kitu, hakibanwi tena na miraba, kwa hiyo kiti kimoja unaweza kukipinda kidogo kama ambavyo mtu hukiacha akiinuka. Kiti kimoja tu. Vikipinda vyote, ni fujo.

Nyumba nzuri, lakini Sim anapiga kelele na kutikisa mikono

Wengi huishia kwenye picha, kwa hiyo dalili hii hawaioni mpaka waanze kucheza. Sim anaambiwa akale, anasimama, anatoa kale kawingu ka kichwani kanakoonyesha hawezi kupita. Au anapika, halafu anakula amesimama huku meza ya kifahari ipo.

Karibu kila mara chanzo ni bb.moveobjects on. Kwa asiyeijua: unabonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, unaandika maneno hayo, na gemu inaacha kukuzuia kubandika vitu juu ya vitu. Ni dawa ya kweli ya urembo na mimi siwezi kujenga bila hiyo. Lakini yale makatazo ya mwanzo hayakuwepo kukuudhi. Gemu ilikuwa inakulindia nafasi ya kupita. Ukiizima hiyo kinga, ulinzi unabaki kwako.

Sehemu za kukagua, kwa uzoefu wangu, ni hizi. Nyuma ya kila kiti cha mezani lazima kuwe na nafasi ya kukivuta. Kitanda cha wawili kiachwe wazi pande zote mbili, la sivyo mmoja atakosa pa kupandia. Mbele na nyuma ya kila mlango pasiwe na kitu, na vilevile juu na chini ya ngazi. Halafu jiko, ambako ndiko wapenda urembo tunaangukia: umepanga juu ya kaunta vikombe, mitungi, vikapu, mkate, chungu cha maua, mpaka hakuna sehemu hata moja tupu. Sim anahitaji kaunta tupu ya kukatia vitunguu. Mwachie angalau moja, bora mbili.

Kipimo ni rahisi. Mwingize Sim mmoja, mwambie aende kila kona ya nyumba, apike, aoge, alale. Anapokwama, ondoa kitu kimoja kimoja mpaka apite. Na hili si wazo langu la pembeni. Will Wright, aliyebuni The Sims ya kwanza iliyotoka mwaka 2000, alipata wazo la gemu hiyo baada ya nyumba yake kuteketea kwenye moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991, akalazimika kuanza upya na kufikiria mtu anahitaji nini hasa ndani ya nyumba. Mwanzoni alikusudia gemu ya usanifu wa majengo. Wale watu wadogo waliwekwa humo waipime nyumba: wakiishi vizuri, umejenga vizuri. Kwa hiyo Sim wako akilalamika mlangoni, anafanya kazi aliyoajiriwa.

Kila kitu kizuri peke yake, pamoja havipatani

Rangi. Sasa unaruhusiwa kuzigusa. Kosa haliko kwenye rangi kali, liko kwenye mbao. Kochi lina miguu ya mninga, meza ya msonobari, kabati jeusi, sakafu nyekundu. Chagua mbao moja kwa nyumba nzima, chuma kimoja, na rangi moja ya kuchangamsha unayoirudia mara tatu kila chumba. Kitufe E kinakupa kile chombo cha kunyonya: ukibonyeza kitu, unapata nakala yake yenye rangi ileile. Kwangu hiki kimeokoa muda kuliko kitu kingine chochote.

Nyumba kama imedondoka kutoka angani

Nyumba imekamilika, inapendeza, lakini imekaa juu ya majani kama sabuni juu ya meza. Hapa nitachukua muda wangu, kwa sababu sisi wa Mwanza, mji wa majabali, tuna la kusema.

Tazama mlima wa Bugando au Mabatini. Hakuna nyumba iliyokaa juu ya ardhi tupu. Jiwe limeanza kabla, nyumba imekuja ikazunguka. Fundi wa kwetu hapasui jabali kama anaweza kuligeuza ukuta wa uani, sehemu ya kuanikia nguo au kiti cha wazee. Msingi unapanda upande mmoja na kuzama upande mwingine, ngazi nne huku, mbili kule. Ndiyo maana hata nyumba ya kawaida kabisa ya Capri Point inaonekana imeota pale.

Kwenye gemu, kwanza inua msingi. Kuna kitelezo chake; panda kidogo tu, ngazi tatu au nne za mlangoni zinatosha. Badilisha na sura ya msingi iwe ya mawe. Pili, mawe yenyewe. Kwenye vitu vya nje kuna mawe ya mapambo, madogo madogo, ambayo watu huyatawanya bustanini kama karanga. Usitawanye. Chukua jiwe, shika Shift na ubonyeze ] mara kadhaa, litakua mpaka liwe jabali (kulipunguza ni Shift na [). Weka majabali mawili yanaingiliana, umeshawasha bb.moveobjects on, uyazungushe kwa Alt yasitazame upande mmoja, kisha la tatu dogo miguuni pao. Yabanane kwenye kona moja ya nyumba, yakikaribia kuugusa ukuta. Kona nyingine zote ziache. Nilipojaribu hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nilikuwa nimejenga nyumba ya bibi bila kukusudia.

Tatu, ardhi. Vifaa vya kuinua na kushusha ardhi viliongezwa bure mwaka 2018. Tatizo ni kwamba nyumba haipandi mlima. Inataka sehemu iliyo sawa. Kwa hiyo jenga kwanza, halafu uinue ardhi kuizunguka, upande wa nyuma ukiwa juu kuliko wa mbele. Kwa brashi laini, na polepole. Vilima vya ghafla vinafanana na vichuguu. Majukwaa, ambayo yaliletwa mwaka 2020, yatakusaidia ndani: sebule ikishuka ngazi moja kutoka kwenye korido, nyumba inaonekana imefuata mteremko hata kama kiwanja ni bapa.

Nne, mimea ipande ukutani. Vichaka vikae pale ukuta unapokutana na ardhi, virefu pembeni, vifupi chini ya madirisha, na vingine vivuke kidogo mbele ya vingine.

Kama kiwanja chako kina maji karibu, mfano vile vya kando ya mto pale Willow Creek, angalia sebule imeelekea wapi. Nimeona nyumba nyingi zimeyapa maji mgongo, dirisha pekee la upande ule likiwa la choo. Huna haja ya kubomoa. Gemu inakuruhusu kuinyanyua nyumba nzima na kuizungusha juu ya kiwanja.

Pesa zimeisha ukuta ukiwa nusu

Sim mmoja anaanza na simoleoni (pesa za gemu) 20,000, na kila anayeongezeka analeta 2,000. Boksi la 20 kwa 14 linazimaliza kabla ya kufika kwenye masufuria. Ukijenga ndogo zinatosha. Ukitaka njia ya mkato, fungua kile kisanduku cha Ctrl, Shift na C: motherlode inakupa 50,000 kila ukiiandika na kaching inakupa 1,000. Ila kumbuka bili za kila wiki zinafuata thamani ya nyumba. Sim wa hekalu asiyelipa anakatiwa umeme, na huko hakuna wa kumwazima uniti.

Laptopu inakwama, vitu vimepotea

Gemu inataka RAM ya GB 4 kwa uchache, na kwa GB 8 ndiyo unapumua. Kama inakwama kwenye nyumba moja tu, hesabu taa na mapambo madogo ya nyumba hiyo, maana ndiyo mzigo. Kwenye mipangilio ya picha kuna hali maalumu ya laptopu; iwashe, na laptopu usiiweke juu ya kitanda, feni inavuta godoro.

Vitu ulivyopakua vikipotea baada ya gemu kujisasisha, havijafutika. Gemu huzima mods (hivyo vitu vilivyotengenezwa na wachezaji wengine) yenyewe kila sasisho kubwa. Ingia kwenye mipangilio, washa upya, funga gemu, fungua. Bado hali ni ileile? Nenda kwenye folda ya The Sims 4 ndani ya Electronic Arts, futa faili la localthumbcache.package (linajitengeneza tena), kisha toa mods nusu, jaribu, rudisha, toa nusu nyingine, mpaka umpate mbaya wenu.

Na kabla hujashika nyundo kuifuata dalili yoyote hapo juu, hifadhi nyumba ya sasa kwenye maktaba yako ya gemu, yenye vitu vyake ndani. Mimi lile jumba alilolitazama mjomba nililibomoa lote kwa hasira jioni ileile, na kumbe ngazi zake zilikuwa nzuri. Nimejaribu kuzijenga tena mara tatu, hazirudi.